Padre au mwanasaikolojia? Uzi kwa Wakatoliki wanaodhani lazima wachague mmoja

mshauri_nasaha (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni Mkatoliki, na kazi yangu ni tiba ya mazungumzo. Kila likiibuka suala la sonona au wasiwasi humu, watu hugawanyika pande mbili hata kabla hatujafika ukurasa wa pili. Hawa wanasema "funga na sali", wale wanasema "achana na dini, nenda kwa mtaalamu". Kujibu vipande vipande kumenichosha, nikaona nifungue uzi mmoja tumalizane.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kubisha abishe. Padre afanye ya padre, mtaalamu afanye ya mtaalamu, na mgonjwa awe huru kumtaja mmoja mbele ya mwenzake. Madhara mengi ninayokutana nayo kazini yanaanza pale mmoja anaposhika kazi ya mwenzake, tena mara nyingi kwa nia njema kabisa.

Nianze na wale wanaosema Kanisa halitaki saikolojia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 62, unataka wachungaji watumie si misingi ya teolojia tu, bali pia matunda ya sayansi za kidunia, na saikolojia inatajwa kwa jina. Miaka 12 kabla ya hapo, Aprili 1953, Papa Pio XII aliwapokea wataalamu wa tiba ya nafsi waliokuwa kwenye kongamano lao la kimataifa na kuwahutubia kwa kirefu. Aliwapa tahadhari zake, lakini hakuwafungia mlango. Ni kweli pia kwamba mwaka 1961 Vatikano iliwakataza mapadre kufanya kazi ya uchanganuzi wa nafsi (tiba ya kuchimbua yaliyojificha akilini), kwa hiyo asije mtu akaniambia nimeficha upande wa pili. Safari haikunyooka. Ila kufikia 1971 Chuo Kikuu cha Gregoriana cha Roma kilikuwa na taasisi yake ya saikolojia, na mwaka 2008 Vatikano ikatoa mwongozo wa jinsi ya kuwatumia wanasaikolojia katika kupokea na kulea waseminari.

Papa Fransisko naye, katika kitabu cha mazungumzo kilichotoka 2017, alisimulia kwamba akiwa na umri wa miaka 42 alimwendea mtaalamu wa uchanganuzi wa nafsi mara moja kwa wiki, miezi sita mfululizo. Mtaalamu huyo alikuwa mwanamke Myahudi, na Papa alisema alimsaidia sana. Na Papa mwenyewe enzi hizo alikuwa padre Mjesuiti, aliyepewa kuongoza shirika lake katika nchi yake. Sasa wewe muumini wa kawaida unaona aibu ya nini?

Hayo nimeyapitia haraka kwa sababu kwangu siyo kiini. Kiini ni hiki kinachofuata, na naomba msome taratibu.

Kuna ugonjwa ambao ukiutazama kwa nje unafanana na utakatifu. Wazee wa maisha ya kiroho wanaujua kama dhamiri yenye wasiwasi. Kwenye kazi yetu tunauhesabu kuwa sura mojawapo ya OCD, yaani mawazo yanayomvamia mtu bila kutaka, na matendo anayolazimika kuyarudia ili apate nafuu.

Chukulia dada mmoja (nimemuumba kutokana na mambo ya watu wengi, msimtafute). Jumamosi jioni ameungama. Kabla hajafika mlangoni anakumbuka kwamba alisema "mara chache" na huenda ilikuwa "mara nyingi". Anarudi kwenye foleni. Usiku anasali rozari, fumbo la tatu akili inaruka, anarudia ile Salamu Maria. Akiirudia anahisi ameisema haraka mno, anairudia tena. Rozari ya dakika ishirini inakula saa moja na nusu. Jumapili anabaki kwenye benchi wakati wenzake wanakwenda kupokea Komunyo. Jumatatu anatafuta padre mwingine, maana yule wa kwanza "hakunielewa".

Majirani wanamsifu: binti anasali huyo! Wanaoishi naye wanaona mtu aliyechakaa.

Kinachoendelea ndani ni hiki. Shaka inaingia, hofu inapanda, anafanya kitu cha kujituliza (kuungama tena, kurudia sala, kuuliza "hivi ile ilikuwa dhambi?"), hofu inashuka. Lakini kwa sababu ilishuka kwa njia hiyo, ubongo unajifunza kwamba shaka ile kweli ilikuwa hatari. Kesho inarudi na nguvu zaidi. Ndiyo maana kumwambia mtu huyu "sali zaidi" au "nenda kaungame upate amani" ni kumwongezea ugonjwa. Na kumwambia "hapana, ile si dhambi" mara ya kumi kwa siku moja ni vilevile tu.

Tiba ambayo imethibitika kwa tatizo hili, iliyoanzia kwenye kazi ya Victor Meyer kule London miaka ya 1960, ni kukutana na ile hofu hatua kwa hatua na kujizuia kufanya lile tendo la kujituliza. Kazi ya nyumbani inaweza kuwa rahisi kuisoma na ngumu kuitenda: sali rozari mara moja tu, akili ikiruka endelea mbele, usirudie hata shanga moja. Hofu itapanda. Iache. Itashuka yenyewe.

Hapa sasa ndipo padre anapohitajika, na ndipo wataalamu wengine wanapoharibu. Mtaalamu asiyeelewa imani ya mgonjwa anaweza kumwambia, "Basi kosa Misa Jumapili kwa makusudi uone kama utakufa." Huko ni kumtuma mtu akatende anachokiamini kuwa dhambi, atatoka hapo na asirudi tena, na nitamwelewa. Mtaalamu makini hamwombi mtu akiuke dhamiri yake, anamzoeza kuishi na kutokuwa na uhakika. Lakini ikija kazi ya nyumbani kama "Jumapili nenda kapokee Komunyo ukiwa na shaka hiyohiyo", mtaalamu hana mamlaka ya kusema hilo peke yake. Padre anayo. Anaweza kumweleza kwamba kanuni ya 988 ya Sheria za Kanisa inamdai aungame dhambi kubwa anazozitambua baada ya kujichunguza vya kutosha, wala haimdai kuchimba kila kivuli. Anaweza kumwekea mpaka: utaungama kwangu tu, kwa muda tuliokubaliana, na dhambi zenye shaka usizitaje.

Mt. Inyasi wa Loyola alipita humo humo. Akiwa Manresa, Hispania, mwaka 1522, baada ya kuungama maisha yake yote kwa maandishi, aliendelea kuteswa na dhambi za zamani hadi akawazia kujirusha kwenye shimo lililokuwa chumbani mwake. Muungamishi wake akamwamuru asiungame tena mambo ya zamani isipokuwa yale yaliyo wazi kabisa. Unajua kilichotokea? Haikumsaidia, kwa sababu kwake yote yalikuwa wazi kabisa! Aliyewahi kukaa na mgonjwa wa aina hii atacheka na kusikitika kwa pamoja. Agizo linaloacha upenyo mdogo, ugonjwa unapita hapo hapo. Nafuu ilikuja alipoamua kutoungama tena lolote la nyuma.

Nakaribisha maswali, na upinzani pia.

mkweli_daima

Mkuu, kwa heshima zote, naona unamweka binadamu mahali pa Mungu. Hayo ya wasiwasi sawa, lakini sonona? Mtu mwenye imani ya kweli hakati tamaa. Sonona ni imani kupungua, dawa yake ni sala na mkesha, mengine ni kuzungusha maneno.

mshauri_nasaha

Mkuu, asante kwa kuwa muwazi. Soma Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali, imani yake haina mjadala. Anakwenda nyikani, anaketi chini ya mretemu, anamwomba Mungu amtwae afe. Malaika anakuja, na wala hamhubirii. Anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi na kumlisha mara ya pili, akimwambia safari ni kubwa mno kwake. Sauti ya Mungu inakuja baadaye, mlimani Horebu, na hata hapo haikuja na kelele.

Zaburi ya 88 imeandikwa na mtu wa sala na inaishia gizani, hakuna mstari wa kumfariji msomaji mwishoni. Kanisa halikuifuta, linaisali hadi leo katika Sala ya Usiku.

Na ukitaka teolojia nzito, Mt. Thoma wa Akwino katika Summa yake anajiuliza huzuni inapozwa na nini. Anataja machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, kisha bila aibu yoyote anataja usingizi na kuoga. Mwalimu wa Kanisa anakushauri ukaoge na kulala, wewe unaniambia mgonjwa apunguziwe usingizi kwa mkesha!

Yoshua bin Sira sura ya 38 anayaweka yote kwa mpangilio: ukiugua mwombe Mungu, kisha mpe tabibu nafasi, maana Bwana ndiye aliyemuumba.

chembe_ya_haradali

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi nina swali la binafsi kidogo. Nimekuwa mkavu kwa muda mrefu, sala hazina ladha. Mtu mmoja mcha Mungu akaniambia ni "usiku wa giza wa roho", yaani Mungu ananikausha ili anisafishe, na nisiende hospitali kwani nitaharibu kazi ya Mungu. Nitajuaje?

mshauri_nasaha

Ndugu yangu, huyo aliyekushauri hakumsoma hadi mwisho Mt. Yohane wa Msalaba. Katika Usiku wa Giza, kitabu cha kwanza, sura ya 9, anatoa alama tatu za kuutambua usiku huo, na sababu ya kuzitoa ni kwamba alijua ukavu unaweza pia kuletwa na kile walichokiita enzi zile melankolia, yaani ugonjwa. Tena anakiri kwamba viwili hivyo vinaweza kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kutibiwa hakuondoi usiku, kama kweli upo.

Mimi kwa upande wangu ningekuuliza mambo ya chini sana. Unalala? Unakula? Kazi inakwenda? Vile vitu vingine ulivyovipenda, muziki, watoto, mpira, navyo vimekufa ladha au ni sala tu? Hali hii imekukalia siku nyingi kwa karibu siku nzima, wiki mbili na zaidi? Unawaza kwamba bora usiwepo? Majibu yakiwa yanaelekea huko, mwone daktari, na kiongozi wako wa kiroho aendelee na kazi yake. Hilo swali la mwisho jibu lake likiwa ndiyo, usisubiri hata kumaliza kusoma uzi. Mwambie mtu aliye karibu nawe akusindikize hospitali leo.

Mt. Teresa wa Avila, rafiki wa huyo Yohane, alikuwa na masista waliodhoofu kwa kufunga na kukesha wakadhani wamenyakuliwa rohoni. Dawa yake katika Ngome ya Ndani: wale, walale, na wapunguziwe saa za sala. Huyo ni mwalimu wa sala anayepunguza sala.

katekista_mstaafu

Na mapepo je? Maana nimeona mengi mwanangu, si kila kitu ni ugonjwa.

mshauri_nasaha

Shikamoo mzee wangu. Sibishi kwamba Kanisa linafundisha kuhusu mwovu. Nasema tu Kanisa lenyewe limeweka utaratibu. Katekisimu namba 1673 inasema ugonjwa, hasa wa akili, ni jambo tofauti kabisa na ni kazi ya tabibu, na kwamba kabla ya kupunga pepo lazima ihakikishwe kuwa si ugonjwa. Kanuni ya 1172 inataka padre awe na ruhusa maalumu ya askofu wa mahali. Anayempunga mtu pepo sebuleni huku akimwambia atupe dawa zake za kifafa au za akili, amevunja utaratibu wa Kanisa kabla hata hajavunja wa hospitali.

mama_wawili

Mimi si mtu wa kuandika humu. Mdogo wangu alijiua. Alikuwa anaumwa miaka mingi, tulijua. Siku ya maziko mtu mmoja mwenye wadhifa alisema mbele ya mama yetu kwamba huyu hakuna haja ya kumwombea. Mama hajarudi kanisani tangu hapo. Naomba unijibu kweli, usinibembeleze.

mshauri_nasaha

Dada, pole sana, wewe na mama.

Nakujibu kweli: aliyesema hivyo alisema kinyume cha mafundisho ya Kanisa lake. Katekisimu namba 2280 hadi 2283. Kujiua ni jambo zito, hilo halifichwi. Lakini 2282 inasema matatizo makubwa ya akili, mahangaiko au hofu kuu vinaweza kupunguza wajibu wa mtu juu ya tendo hilo. Na 2283 inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wa milele wa watu waliojiua, Mungu anaweza kuwapa nafasi ya kutubu kwa njia anazozijua yeye mwenyewe, na Kanisa linawaombea. Kwa hiyo haja ya kumwombea ipo, na imeandikwa.

Huyo mtu huenda alilelewa na sheria ya zamani. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni ya 1240, ziliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kudhamiria. Sheria za 1983 hazina katazo hilo tena. Mdogo wako anaombewa Misa kama marehemu mwingine yeyote, nenda kaweke nia kwa jina lake, na kama mama atakubali nendeni wote.

Na wewe pia umebeba. Msiba wa namna hii huacha maswali ambayo Misa haikusudiwi kuyajibu: ningempigia simu ile jioni, ningeficha vile vidonge. Hayo tafuta mtu wa kukaa naye, kwa utaratibu, si siku moja.

mkweli_daima

Mama wawili, pole sana. Nitamwombea mdogo wako kwa jina, nitumie ujumbe wa faragha ukipenda.

Mkuu, la Eliya nimelipokea. Bado dawa zinanisumbua. Mtu akifurahi kwa vidonge, hiyo si furaha bandia?

mshauri_nasaha

Dawa za sonona hazileti furaha mkuu. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na wengi wananiambia kilichobadilika ni kwamba wameweza kuamka na kwenda Misa. Ila zianzwe na zisitishwe na daktari. Kuziacha ghafla kwa sababu umetoka mafungo ukiwa na nguvu ni hatari.

msomaji_kimya

Nimesoma yote. Swali: mtaalamu lazima awe Mkatoliki? Na je, akinichokonoa kuhusu dini yangu nikubali? Wangu aliniuliza Mungu ninayemsalia ana sura gani, nikakasirika.

mshauri_nasaha

Si lazima. Kumbuka yule mtaalamu Myahudi aliyemsaidia Papa Fransisko. Awe na ujuzi na leseni kwanza, kisha awe na heshima. Mkatoliki mwenye mapenzi mema asiye na ujuzi atakusalia rozari ambayo ungeweza kuisali nyumbani bure.

Kikao cha kwanza mwambie wazi: imani yangu ni sehemu ya maisha yangu, utaishughulikiaje? Akicheka, ondoka. Akikwambia usiwe na shaka, tutatumia maombi badala ya tiba, ondoka pia.

Lile swali lakini si tusi. Mtu aliyekuzwa na baba wa kipigo mara nyingi anapiga magoti mbele ya Mungu mwenye mkono uleule, anasali huku anajikunyata. Mtaalamu akiligundua hilo hajagusa mafundisho ya Kanisa, amegusa jeraha lililojivika mafundisho. Mungu ni nani, hilo ni la katekesi. Kwa nini wewe unamwogopa hivyo, hilo linaweza kuwa la mtaalamu. Ungerudi ukamwambia kwamba ulikasirika, hasira hiyo ni kazi nzuri ya kikao kizima.

Niongeze kuhusu kutunza siri maana naulizwa kila mara. Siri ya kitubio haina mlango wowote, kanuni ya 983. Siri ya mtaalamu ni nzito lakini ina mipaka: ukiwa hatarini kujiua, au mtoto anadhurika, atalazimika kuchukua hatua, na anapaswa kukueleza hivyo mwanzoni. Kwa hiyo ukitaka padre na mtaalamu wako wasaidiane, ongea na padre nje ya kitubio kabisa, na kwa mtaalamu toa ruhusa ya maandishi ukitaja nini kizungumzwe na nini kisizungumzwe.

chembe_ya_haradali

Nimerudi. Sikusema ukweli wote. Yule dada wa rozari ni mimi, ingawa mimi ni mwanaume. Nimepata miadi na mtaalamu, na paroko kakubali tuonane ofisini, si kwenye kiti cha maungamo. Nimwambie nini? Naogopa nikianza kuongea nitaishia kuungama.

mshauri_nasaha

Utaishia kuungama, ndiyo, kwa hiyo usiende mikono mitupu. Andika karatasi moja na umpe aisome mwenyewe. Iwe na mambo manne tu: unaungama mara ngapi kwa wiki, sala zinakuchukua muda gani, mara ngapi umeacha Komunyo kwa sababu ya shaka, na jina la mtaalamu utakayemwona. Kisha mwombe vitu viwili. Awe muungamishi wako pekee kwa sasa, na akupangie siku ya kuungama pamoja na sheria isiyo na upenyo, siyo ile ya "isipokuwa yaliyo wazi kabisa".

Ukijikuta umeanza kuorodhesha dhambi kwenye hiyo karatasi, ichane uandike nyingine. Mara moja tu. Ya pili ndiyo unayoipeleka, hata kama ina makosa.